Pesa za Kuanzia Maisha Kanada: Namna ya Kuzithibitisha Ukiwa Uganda

Wengi wanaoomba ukaazi wa kudumu wa Kanada kutoka hapa Uganda huanza kuhangaikia pesa mwishoni kabisa. Mtihani wa Kiingereza wameshafanya, vyeti vya Makerere au Kyambogo vimeshatathminiwa, alama zimetosha, mwaliko umeingia kwenye barua pepe. Hapo ndipo wanapokumbuka kwamba wana siku 60 za kutuma maombi kamili, na kwamba benki inatakiwa iandike barua inayoeleza miezi sita ya akaunti yao. Miezi sita haiingii ndani ya siku 60, hata ukimbembeleza meneja wa tawi namna gani.

Kwa hiyo nakuomba usome mwongozo huu mapema, ukiwa bado unajisomea mtihani wa lugha. Ofisa atakayeshika faili lako hataangalia salio peke yake. Ataangalia pesa ilitoka wapi, imekaa kwako kwa muda gani, na kama kweli ni yako. Mtu mwenye milioni 65 zilizoingia polepole na zenye karatasi zake ana nafasi nzuri kuliko mwenye milioni 120 zilizotua Jumatatu, naye Jumanne akaenda kuomba barua.

Kwanza, jua kama ushahidi huu unakuhusu

Mfumo wa Express Entry, unaowapanga waombaji kwa alama na kuwaalika wenye alama za juu, ulifunguliwa Januari 2015 na unabeba programu tatu za serikali kuu ya Kanada. Anayeomba kupitia Federal Skilled Worker, yaani wafanyakazi wenye ujuzi, lazima aonyeshe pesa. Anayeomba kupitia Federal Skilled Trades, ya mafundi, naye lazima. Anayeitwa kupitia Canadian Experience Class, ya watu ambao tayari wamefanya kazi Kanada, hadaiwi. Hadaiwi pia mtu mwenye kibali cha kufanya kazi Kanada pamoja na ofa halali ya kazi kutoka kwa mwajiri wa huko. Waombaji wengi walioko Kampala, Mbarara au Arua hawajawahi kufanya kazi Kanada, kwa hiyo wanaangukia kundi la kwanza, nao pesa wataonyesha. Ukiwa umesamehewa na mfumo bado unakupa nafasi ya kupakia ushahidi, usiiache tupu: pakia barua fupi inayosema umealikwa kwa programu ipi na kwa nini hudaiwi. Majimbo yanayoteua waombaji wao wenyewe yanaweza kuwa na masharti yao juu ya haya, kwa hiyo soma ukurasa wa jimbo lako.

Kuna jambo nataka kulisema kwa nguvu hapa, kwa sababu wasomaji wengi wa Kiswahili nchini hapa ni ndugu zetu waliotoka Kongo na wanaishi Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja, Kyangwali au hapa hapa mjini Kampala. Ukiwa mkimbizi na unapelekwa Kanada kwa mpango wa makazi mapya kupitia UNHCR, hudaiwi salio lolote la benki, na huduma za UNHCR ni bure. Mtu akikuambia utoe pesa "za kuonyesha benki" ili jina lako lisogee mbele, anakuibia. Ripoti, hata kama ni mtu unayesali naye.

Kiasi chenyewe

Idara ya uhamiaji ya Kanada, IRCC, hurekebisha viwango kila mwaka, kwa kawaida katikati ya mwaka. Vinatokana na nusu ya kiwango cha mapato ya chini kinachokokotolewa na serikali yao. Vilivyotangazwa Julai 2025, kwa dola za Kanada, ni hivi:

- mtu mmoja: 15,263
- watu wawili: 19,001
- watu watatu: 23,360
- watu wanne: 28,362
- watu watano: 32,168
- watu sita: 36,280
- watu saba: 40,392
- kila anayezidi hapo: ongeza 4,112

Siku unayojaza fomu, fungua tovuti ya IRCC uone kama vimeshabadilika. Viwango vikipanda nawe uko kwenye kapu la kusubiri mwaliko, lazima uingie kwenye profaili yako urekebishe kiasi ulichojaza, la sivyo unaweza kuondolewa kwa kukosa sifa huku pesa unazo.

Sasa tubadilishe kwa shilingi. Nitatumia shilingi 2,600 kwa dola moja ya Kanada ili hesabu ionekane. Wewe tumia kiwango cha Benki Kuu ya Uganda cha siku yako. Mtu mmoja anahitaji karibu milioni 39.7. Baba, mama na mtoto mmoja wanahitaji 60,736,000. Familia ya wanne, karibu milioni 73.7.

Usilenge kiwango chenyewe. Chukua familia ile ya watatu yenye 60,736,000 kamili kwenye akaunti ya shilingi. Shilingi ikiteleza hadi 2,750 kwa dola, pesa ile ile inakuwa dola 22,086, na wamepungukiwa na zaidi ya dola 1,200 bila kutumia hata senti moja. Ongeza angalau asilimia kumi juu ya kiwango. Sheria yetu inaruhusu akaunti za fedha za kigeni, kwa hiyo unaweza kuweka sehemu kwenye akaunti ya dola za Marekani kupunguza mtikisiko huo. Ukifanya hivyo, fanya mapema na utunze karatasi ya ubadilishaji.

Hesabu watu wako vizuri

Hapa ndipo faili za kwetu huharibika, kwa sababu Kanada haihesabu familia kama tunavyoihesabu sisi. Wanaohesabiwa ni wewe, mume au mke wako au mwenzi mliyekaa naye kinyumba angalau mwaka mmoja, watoto wako wanaokutegemea, na watoto wanaomtegemea mwenzi wako. Mtoto anayekutegemea ni yule wa chini ya miaka 22 ambaye hajaoa wala kuolewa. Aliyezidi umri huo huhesabiwa tu kama hawezi kujitegemea kwa sababu ya hali ya mwili au akili. Na wote hao wanahesabiwa hata kama hawasafiri nawe.

Kwa mfano, uko Jinja na mke wako na mtoto mmoja. Una mtoto mwingine wa miaka 14 uliyempata kabla ya ndoa, anaishi na bibi yake Gulu na hana mpango wa kwenda popote. Ninyi ni wanne, na kiwango chako ni 28,362. Ukijiandika watatu, pesa hazitatosha, na kibaya zaidi, mtoto asiyetajwa na asiyepimwa afya wakati wa maombi anaweza kufungiwa mlango wa kuletwa na baba yake baadaye kupitia udhamini wa familia. Mzungumze nyumbani kabla hujagusa fomu. Najua mazungumzo hayo yanaweza kuwa magumu, lakini hakuna karatasi itakayomsaidia mtoto huyo kuliko jina lake kuandikwa sasa.

Kwa upande mwingine, mpwa unayemlea na kumlipia karo hahesabiwi kama hujamwasili kisheria. Wazazi wako pia hawahesabiwi, hata kama wote wanakula kutoka mfukoni mwako.

Pesa ipi inakubalika

Kanuni ya Kanada inataka pesa inayopatikana, inayoweza kuhamishwa, na isiyofungwa na deni wala wajibu mwingine. Pima kila akiba yako kwa kipimo hicho.

Akaunti ya benki, ya akiba au ya hundi, haina tatizo. Pesa iliyofungwa kwa muda maalumu inakubalika kama benki itaandika kwamba unaweza kuivunja kabla ya muda na kuichukua. Uwekezaji kwenye mifuko ya pamoja unaingia vizuri, mradi meneja wa mfuko akupe barua yenye maelezo yale yale yanayotakiwa benki. Dhamana na hati fungani za serikali ni mali halali, lakini lazima uonyeshe unavyoweza kuziuza na kupata pesa. Kama muda wake wa kuiva uko karibu, mimi ningesubiri ziive ziingie benki.

Kiwanja hakihesabiki. Nyumba ya Kira, shamba la kahawa Masaka, kibanja Wakiso (ardhi unayoikalia bila hati), hati ya mailo (umiliki wa kudumu wa ardhi Buganda) yenye jina lako: vyote ni mali, lakini IRCC haipokei thamani ya ardhi kama pesa za kuanzia maisha. Ripoti ya mthamini unayoilipia ni pesa imepotea. Ukitaka ardhi ikusaidie, iuze, na nitaeleza hapa chini namna ya kuiuza ili pesa ije na karatasi zake.

Akiba ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ni yako lakini huifikii kwa hiari yako. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, mwanachama mwenye miaka 45 na aliyechangia miaka kumi anaweza kuchukua hadi asilimia 20, na ikishaingia benki hiyo inahesabika kama pesa nyingine. Malipo ya anayehama nchi moja kwa moja yapo pia, lakini hayo yatakufaa ukiwa safarini, hayatakufaa kama ushahidi wa leo.

SACCO inahitaji uangalifu. Ukiwa umemdhamini mwenzako kwa mkopo, sehemu ya akiba yako imeshikiliwa kwa ajili yake, hata kama kitabu chako kinaonyesha jumla kubwa. Omba barua ya kuachiwa dhamana, kisha hamishia akiba benki mapema na utunze taarifa ya SACCO inayoonyesha ulivyoweka mwezi baada ya mwezi. Taarifa hiyo ni chanzo kizuri sana cha pesa.

Nigiina, yaani mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, ina mtego wake. Ukipokea zamu ya kwanza katika kundi la watu kumi, sehemu kubwa ya pesa hiyo ni ya wenzako, na utairudisha kwa miezi tisa inayofuata. Hilo ni deni. Ukipokea zamu ya mwisho, ni akiba yako mwenyewe imekurudia. Kama unapanga Kanada, waombe wenzako wakuweke mwisho, na katibu atunze daftari lenye majina, tarehe na sahihi.

Pesa iliyoko kwenye simu, MTN au Airtel, ihamishie benki kidogo kidogo, na uombe taarifa ya miamala kutoka kwa kampuni. Wafanyabiashara wa Kikuubo na Owino, nanyi nawaomba msikie: pesa iliyo kwenye akaunti ya kampuni ni ya kampuni. Jilipe mshahara au gawio, iingie kwenye akaunti yenye jina lako, na ritani za kodi za URA, mamlaka ya mapato, zilingane na unachosema.

Mkopo haukubaliki kabisa, uwe wa rafiki, wa mkopeshaji wa mtaani, au ule mkopo wa mshahara ambao walimu na wafanyakazi wa serikali huchukua bila kufikiria mara mbili. Barua ya benki itautaja mkopo huo kwenye mstari wa madeni, na ofisa atautoa kwenye salio lako. Mwalimu mwenye milioni 70 benki na mkopo wa milioni 25 ana milioni 45.

Pesa ya mwenzi inahesabika akiwa anasafiri nawe. Akaunti ya pamoja ndiyo rahisi. Kama iko kwa jina lake peke yake, ongeza maelezo yenye sahihi yake kwamba unaifikia, pamoja na cheti cha ndoa.

Barua ya benki

Hii ndiyo karatasi kubwa kuliko zote. Benki zetu nyingi zina barua iliyo tayari kwenye kompyuta: fulani ni mteja wetu, akaunti yake inaendeshwa vizuri, barua hii imetolewa bila benki kubeba dhima. Barua hiyo haitoshi. Inayotakiwa iwe kwenye karatasi rasmi ya benki, yenye anwani, simu na barua pepe ya benki, na ndani yake iwe na:

- jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti
- namba ya kila akaunti uliyo nayo hapo
- tarehe kila akaunti ilipofunguliwa
- salio la sasa la kila akaunti
- wastani wa salio wa miezi sita iliyopita
- madeni yote unayodaiwa, ikiwemo mikopo na kadi za mkopo. Kama huna, iandikwe wazi kwamba huna

Usiende kaunta na kueleza kwa mdomo. Andika ombi lako kwa Kiingereza, orodhesha mambo hayo sita, lipeleke kwa ofisa wa huduma kwa wateja, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua ikitoka, isome hapo hapo kabla hujaondoka. Kinachokosekana mara nyingi ni wastani na madeni. Sema kwa upole: "Nnyabo, asante sana. Naomba muongeze wastani wa miezi sita, na mstari unaosema sina mkopo. Kanada hawataipokea bila hivyo." Akisema mfumo hautoi wastani, omba kumwona meneja wa tawi na umwonyeshe ukurasa wa IRCC kwenye simu yako. Wakikataa kabisa, chukua taarifa ya akaunti ya miezi sita yenye muhuri kila ukurasa, piga wastani mwenyewe, na ueleze kwenye barua yako kwamba uliomba na benki haikutoa, ukiambatisha nakala ya ombi lile lenye muhuri.

Hata barua ikiwa kamili, ambatisha taarifa ya akaunti ya miezi sita. Ukiwa na benki mbili, kila moja itoe barua yake.

Kuhusu wastani, angalia mfano huu. Salio la mwisho wa mwezi kwa miezi sita: milioni 9, 9, 9, kisha 62, 64, 66. Salio la sasa ni milioni 66, zuri kabisa kwa familia ya watatu. Lakini wastani ni milioni 36.5. Ofisa akiona 66 na 36.5 kwenye barua moja, swali linalomjia ni: katika mwezi wa nne kati ya hiyo sita kuliingia nini? Si lazima akukatalie. Anataka jibu, na jibu lazima liwe tayari ndani ya faili, kwa sababu hana wajibu wa kukuandikia akuulize.

Majina nayo yasikuangushe. Wengi wetu tulifungua akaunti zamani kwa Mohamed wakati pasipoti inasema Muhammad, au jina la ukoo likatangulia benki na likafuata kwenye kitambulisho cha taifa. Nenda benki na pasipoti, warekebishe kabla ya kuomba barua. Kisichoweza kurekebishwa kwa wakati, kiapie mbele ya kamishna wa viapo.

Pesa kubwa iliyoingia ghafla

Tuseme milioni 53 zile, zilizolipandisha salio kutoka 9 hadi 62, zilitokana na kiwanja cha Mukono. Uuzaji wenyewe ufanyike hivi: mkataba uandikwe na wakili, wenye majina kamili, maelezo ya kiwanja, bei na tarehe ya malipo. Kama ni kibanja, mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya kijiji, atie sahihi na muhuri, na mashahidi waandike majina na namba za vitambulisho. Mnunuzi alipe kwa benki, akaunti kwa akaunti. Kiasi kikubwa kama hicho kipite kwa RTGS, njia ya benki ya kuhamisha pesa nyingi kwa mara moja, na karatasi yake uitunze. Mnunuzi akija na noti kwenye mfuko, mwombe mwende pamoja benki azilipe moja kwa moja kwenye akaunti yako. Kwa pesa taslimu zaidi ya milioni 20 benki itakuuliza chanzo kwa sababu ya sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha ya mwaka 2013. Jaza fomu hiyo kwa ukweli na uombe nakala, nayo itaingia kwenye faili lako la Kanada.

Tunza pia nakala ya hati ya zamani yenye jina lako. Mkataba unaonyesha uliuza, hati inaonyesha kilikuwa chako. Watu wengi hukumbuka wa kwanza wakasahau ya pili.

Kisha andika barua ya maelezo. Ukurasa mmoja unatosha. Pitia taarifa ya akaunti kwa kalamu, zungushia kila kilichoingia ambacho si mshahara wala mapato yako ya kawaida, na kwa kila kimoja andika mstari wa namna hii: "12 Machi, shilingi 53,000,000, mauzo ya kiwanja Mukono, tazama kiambatisho cha 3 (mkataba), cha 4 (hati), cha 5 (karatasi ya RTGS)." Usisimulie maisha yako wala kuomba huruma. Ofisa akiweza kunyoosha kidole kutoka kwenye taarifa ya benki hadi kwenye kiambatisho bila kupotea, umemaliza.

Mikataba ya kwetu mara nyingi huandikwa kwa Luganda, na ya wenzetu wa Tanzania na Kenya kwa Kiswahili. IRCC hupokea Kiingereza au Kifaransa tu. Kwa hiyo anayetumia karatasi za benki ya Kongo zilizoandikwa kwa Kifaransa hana shida ya tafsiri, lakini mkataba wa Luganda lazima utafsiriwe, na mfasiri asiyethibitishwa rasmi aape hati ya kiapo kuhusu tafsiri yake. Mfasiri asiwe ndugu yako, hata kama dada yako ni mwalimu wa lugha.

Zawadi ya ndugu

Kwetu safari ya mtu ni safari ya ukoo, na si ajabu mjomba aliyeko London au mama aliyeuza ng'ombe Mbarara kukuongezea. Inafaa, mradi iwe zawadi ya kweli. Mtoaji aandike na kuapa kwamba amekupa kiasi fulani, tarehe fulani, kwamba ninyi ni nani kwa nani, na kwamba hadai kurudishiwa. Ongeza taarifa ya benki yake inayoonyesha pesa ikitoka kwake, yako inayoonyesha ikiingia, na vyeti vya kuzaliwa vinavyothibitisha undugu. Taarifa yake ni ya muhimu kuliko watu wanavyodhani: mama asiye na kipato kinachoonekana akikupa milioni 30, ofisa atajiuliza naye alizipata wapi. Risiti za mnada wa ng'ombe na barua ya LC1 hujibu swali hilo.

Kama mmekubaliana kimyakimya kwamba utamrudishia ukifika, huo ni mkopo. Usiapishe watu wazima uongo kwa ajili ya fomu yako.

Pesa za kukodi

Mjini kuna mabroka wanaoweka milioni 80 kwenye akaunti yako kwa wiki mbili kwa ada, na wengine wanaochapa taarifa za benki zenye nembo safi. Ofisa anaweza kupiga simu benki, na wastani wa miezi sita huumbua pesa ya wiki mbili. Ukipatikana na udanganyifu, sheria ya Kanada inakufungia miaka mitano usiingie wala kuomba ukaazi wa kudumu, na mwenzi na watoto mliokuwa faili moja wanaumia pamoja nawe. Wanaoruhusiwa kisheria kukutoza pesa kwa kukuwakilisha ni mawakili na wasaidizi wa sheria walioandikishwa Kanada, manotari wa Quebec, na washauri waliosajiliwa na chombo chao kiitwacho CICC. Jina la mshauri hutafutwa bure kwenye orodha yao mtandaoni.

Baada ya kutuma

Pesa zinatakiwa ziwepo siku unayotuma maombi na siku unayopewa viza ya ukaazi. Katikati hapo inaweza kupita miezi mingi, na ofisa anaweza kuomba barua mpya ya benki wakati wowote. Kwa hiyo tenganisha akaunti: moja ya kuthibitisha, usiyoigusa, na nyingine ya gharama. Tangu 30 Aprili 2024 ada ya mwombaji mzima, pamoja na haki ya ukaazi wa kudumu, ilikuwa dola 1,525, na ya mtoto 260. Ada hizi hurekebishwa kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo thibitisha kabla ya kulipa. Kwa viwango hivyo mume, mke na mtoto mmoja walilipa dola 3,310, zaidi ya milioni 8.6 kwa hesabu yetu ya juu. Ukizitoa kwenye akaunti ile ile yenye milioni 66, unabaki na milioni 57 na ushei, chini ya kiwango, na umejiangusha mwenyewe kwa kulipa ada. Alama za vidole, upimaji wa afya na tiketi navyo vitoke akaunti ya pili.

Barua ya benki ichukue baada ya mwaliko, karibu na siku ya kutuma, ili tarehe yake iwe mpya.

Viza ikitoka, usibebe pesa zote mkononi. Zihamishe kwa benki, na usafiri na barua na taarifa za karibuni, kwa sababu ofisa wa mpakani Kanada anaweza kukuuliza unazo kiasi gani. Ukibeba taslimu ya thamani ya zaidi ya shilingi milioni 30, itangaze kwa forodha Entebbe. Ukitua Kanada na dola zao 10,000 au zaidi, za noti au hundi za kusafiria, itangaze pia. Kutangaza hakukatwi kodi. Usipotangaza, pesa inaweza kushikiliwa hapo hapo uwanjani, pesa ile ile uliyoihangaikia mwaka mzima.